Imani Iliyokua Mapadre Wakiwa Mbali



Somo la leo linahusu wajibu ambao kila mbatizwa anao, na ambao wengi wetu tumeukabidhi kwa watu wengine: kuwashirikisha wenzetu imani katika maisha ya kila siku. Ukimwuliza mwamini nani anaeneza imani parokiani kwake, atakutajia Padre, Masista, katekista, labda na kwaya. Ni nadra ajitaje mwenyewe. Na sisi tulio seminarini tunaishi katika nyumba ambayo mtu anaweza kudhani kwamba imani huanza kuenea pale mtu anapomaliza falsafa, akamaliza teolojia, akapewa Daraja.

Ili tusiishie kwenye maneno ya jumla, tumechagua kisa kimoja cha kweli kutoka kando ya Ziwa Viktoria. Ni kisa cha Mashahidi wa Uganda. Kila tarehe 3 Juni tunawaadhimisha, na karibu kila mwaka tunasimulia jinsi walivyokufa. Hapa tunataka kutazama jinsi walivyoishi katika kipindi kisichosimuliwa sana, yaani miaka miwili na miezi minane waliyokaa bila padre hata mmoja.

Kuanzia Novemba 1882 hadi Julai 1885

Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwazoea kwa jina la White Fathers, walifika Buganda mwaka 1879. Padre Siméon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera, alitangulia pamoja na Bruda Amans, wakakanyaga nchi kavu karibu na Entebbe tarehe 17 Februari. Walifundisha, na polepole wakapata wabatizwa wachache. Tarehe 30 Aprili 1882 walibatizwa Yosefu Mukasa Balikuddembe na Andrea Kaggwa. Tarehe 28 Mei mwaka huohuo wakabatizwa Matia Kalemba Mulumba na Luka Banabakintu.

Novemba 1882 wamisionari wakaondoka. Hali katika ikulu ya Kabaka Mutesa ilikuwa imejaa mashaka, nao waliona si salama kuendelea kukaa. Walivuka ziwa wakaja upande wetu wa kusini, wakaweka makao Bukumbi, karibu na Mwanza. Hawakurudi Buganda hadi Julai 1885, baada ya Mutesa kufariki na mwanawe Mwanga kutawala.

Hebu tuhesabu. Yosefu Mukasa aliachwa akiwa na miezi sita tangu abatizwe. Matia Mulumba, mitano. Leo mtu mwenye miezi mitano ya Ubatizo hatumpi hata kuongoza rozari kwenye jumuiya. Tunamwambia asubiri azoee. Hawa waliachiwa Kanisa zima. Hawakuwa na Misa, hawakuwa na Kitubio, hawakuwa na mtu wa kumwuliza swali gumu. Kwa hesabu za kibinadamu tungetegemea kwamba mapadre wakirudi watakuta moto umezimika, wamebaki wazee wawili watatu wanaokumbuka kufanya ishara ya msalaba.

Walikuta Kanisa limeongezeka. Wakatekumeni walikuwa wakisubiri, tena wengine walikuwa hawajawahi kuonana na padre uso kwa uso. Yosefu Mukasa, aliyekuwa mtumishi wa karibu wa Kabaka, alikuwa amewaongoza vijana wa ikulu. Andrea Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka, alikuwa amegeuza nyumba yake kuwa mahali pa kufundishia. Na mbali kidogo, huko Mityana katika nchi ya Ssingo, kulikuwa na jumuiya iliyokua na kufikia watu wanaokadiriwa kuwa 200, chini ya Matia Mulumba, Luka Banabakintu na Noe Mawaggali. Huyu Noe alibatizwa mapadre walipokuwa wamekwisha kurudi, tarehe 1 Novemba 1885.

Swali letu ni dogo tu. Walifanyaje?

Chungu, ngoma na mzigo wa kichwani

Ukisoma habari za watu hawa, unaona kwamba hakuna hata mmoja aliyeacha kazi yake ili aende kueneza imani. Kaggwa aliendelea na ngoma. Mukasa aliendelea kumhudumia Kabaka. Noe alikuwa mfinyanzi, akaendelea na vyungu vyake. Imani ilipita katika njia zilizokuwapo tayari: kati ya mkubwa wa kazi na vijana wake, kati ya jirani na jirani, kati ya kaka na dada.

Tukae kidogo na huyo mfinyanzi, maana anatufundisha. Anayenunua chungu hukigonga kwa kidole, akasikiliza mlio. Akiuziwa chungu chenye ufa mara moja, harudi kwa mfinyanzi huyo tena, na hata akihubiriwa na malaika ataukumbuka ule ufa. Kazi ya mikono ina ukweli wake ambao maneno hayawezi kuufunika. Kwa maneno ya siku zetu: mtu ambaye amekopa kwenye VICOBA na sasa hapokei simu, hawezi kumwalika mwanakikundi mwenzake jumuiya. Anaweza kumwalika, ndiyo, lakini mwaliko huo hautasikika.

Matia Mulumba naye alikuwa mtu mwenye cheo katika utawala wa Ssingo. Mtu wa namna hiyo alikuwa na watu wa kumbebea mizigo. Alipoamini, alibaki na mke mmoja, na akaanza kubeba mzigo wake mwenyewe. Waliomwona barabarani walishangaa. Tunaona jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu mshangao huzaa swali, na swali la mtu huwa tayari limefungua nusu ya mlango.

Kisha kuna wagonjwa. Katika miaka ile maradhi ya kuambukiza yalipita Buganda, na Andrea Kaggwa anakumbukwa kwa kuwaendea wagonjwa, kuwahudumia, kuwafundisha waliotaka kufundishwa, kuwabatiza waliokuwa wakifa na kuwazika. Alifanya hayo akiwa mlei mwenye kazi ikulu. Hakusubiri kamati.

Mapadre waliporudi, Luka Banabakintu alikuwa akitembea kwa miguu kutoka Mityana hadi kwenye makao yao, mwendo wa kilometa zaidi ya 60, ili apate kushiriki Misa. Tunaitaja safari hii kwa makusudi. Mtu asije akasema: kumbe Kanisa linaweza kwenda bila mapadre! Wale waliomudu kuishi bila padre ndio waliomhitaji zaidi, na walilijua hitaji hilo kwa miguu yao.

Jambo hili halikuanzia Buganda. Katika Matendo ya Mitume sura ya 8, baada ya Stefano kuuawa, Wakristo wanatawanyika huku Mitume wakibaki Yerusalemu, na hao waliotawanyika ndio wanaolipeleka Neno. Sura ya 11 inaendelea: baadhi yao wanafika Antiokia na kuanza kuzungumza na Wagiriki. Antiokia ndipo wafuasi walipoitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Nani aliianzisha Antiokia? Luka mwinjili hatutajii hata jina moja. Barnaba alitumwa baadaye, akakuta kazi ya neema ikiendelea, akafurahi.

Mwalimu na tabibu

Kwa kuwa tuko katika miaka ya falsafa, mturuhusu tuingize kidogo tunayojifunza darasani. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika maswali yake yaliyojadiliwa juu ya ukweli, swali la 11, anauliza kama mwanadamu anaweza kumfundisha mwenzake. Swali linaonekana la mzaha, lakini si mzaha. Je, mwalimu anachukua ujuzi kutoka kichwani mwake na kuumimina katika kichwa cha mwanafunzi, kama mtu anavyomimina uji kutoka sufuria kwenda kikombe? Thoma anakataa. Anamlinganisha mwalimu na tabibu. Tabibu hamponyi mgonjwa kama fundi anavyotengeneza kiti. Mwili wenyewe una nguvu ya kupona. Tabibu anausaidia, anaondoa kizuizi, anatoa dawa, anangoja.

Kama ndivyo ilivyo kwa hesabu na sarufi, je, si zaidi kwa imani? Mahali pengine, anapozungumzia chanzo cha imani, Thoma anasema kwamba mhubiri huleta kwa nje yale ya kusadikiwa, lakini kule kukubali kwa ndani kunatoka kwa Mungu anayeugusa moyo kwa neema yake. Tukilishika hili, tunapona maradhi mawili kwa mpigo. La kwanza ni woga: nani mimi hata nimfundishe mtu? Jibu ni kwamba hukupewa kazi ya kuumba imani ndani ya mtu. La pili ni ubabe: huyu lazima abadilike kabla ya Pasaka. Huwezi kumlazimisha mtu apone. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilisema wazi mwaka 1965 katika Tamko juu ya uhuru wa dini: tendo la imani, kwa asili yake, ni tendo huru.

Na sisi Tanzania tuna mtu aliyeuunganisha utabibu na ualimu huo kwa maisha yake yote. Adrian Atiman alizaliwa upande wa Afrika Magharibi, akatekwa utotoni na kuuzwa utumwani, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, akasomea udaktari kisiwani Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, akawa daktari na katekista mpaka alipofariki mwaka 1956. Alikuwa mlei, mtu wa ndoa. Miaka zaidi ya 60 mahali pamoja! Mtu aliyetibiwa kidonda na Atiman hakuhitaji kuelezwa kwa hoja ndefu maana ya huruma ya Kristo. Alikuwa ameigusa.

Siku ya nane

Turudi nyumbani. Katika kigango kimoja tunachosaidia siku za Jumapili tulikuwa na darasa la wakatekumeni watu wazima kumi na mmoja. Siku moja tuliwauliza swali la kawaida: nani alikuleta? Watano walisema ndoa. Wanataka kufunga ndoa na Mkatoliki. (Tusiwacheke. Mungu amewapata wengi kwa njia hiyo, na mchumba anayeongozana na mwenzake darasani jioni baada ya kazi anafanya utume kuliko anavyojua.) Wawili walitaja wazazi wao waliorudi Kanisani. Mmoja alimtaja mwenzake wa kazini. Watatu walitaja jirani. Hakuna aliyetaja mahubiri, wala semina, wala kutaja waseminari.

Mmoja wa hao watatu, mama anayeuza mchicha sokoni, alieleza zaidi. Mtoto wake alilazwa. Jirani yake, ambaye walikuwa wakisalimiana tu, alikuja wodini kila asubuhi na chupa ya uji, kisha akaondoka kwenda kwenye shughuli zake. Hakusali kwa sauti kitandani, hakuacha kijitabu. Siku ya nane mama yule akamwuliza, "Dada, kwani wewe unasali wapi?" Akajibiwa, "Nasali Jumuiya ya Mtakatifu Anna. Alhamisi tunakutana kwangu, karibu ukipata nafasi." Basi. Alhamisi ya tatu akaenda.

Waraka wa kwanza wa Petro, sura ya 3, aya ya 15 na 16, unatutaka tuwe tayari kumjibu kila anayetuuliza juu ya tumaini letu, tena kwa upole na heshima. Tunapenda kuusoma mstari huo kama amri ya kusema, lakini umejengwa juu ya mtu anayeuliza. Petro anachukulia kwamba maisha ya Mkristo yatamfanya mwenzake aulize. Kama miaka inapita na hakuna anayetuuliza kitu, tusikimbilie kununua kipaza sauti. Tuangalie kwanza kama kuna uji wowote tunaoupeleka.

Lakini lile jibu nalo lilihitajika. Upo msemo unaozunguka sana, unaosingiziwa Mtakatifu Fransisko wa Asizi, kwamba tuhubiri kila wakati na tutumie maneno pale tu inapobidi. Haupo katika maandishi yake. Na sisi tunaona umewapa wengi kisingizio kizuri cha kunyamaza. Papa Paulo VI, katika waraka wake Evangelii Nuntiandi wa mwaka 1975, aliusifu sana ushuhuda wa kimya wa maisha, kisha mara moja akaongeza kwamba hata ushuhuda ulio bora haufui dafu usipofafanuliwa kwa maneno, jina la Yesu likatajwa. Fikiria yule jirani angejibu, "Aa, ni ubinadamu tu." Mama angeshukuru, na hadithi ingeishia hapo.

Maswali ambayo watu wanatuuliza dukani, kwenye daladala, kwenye foleni ya maji, hayazidi matano sita, na tunaweza kujiandaa. Mbona mnamwomba Maria? Tunamwomba atuombee, kama wewe unavyomwomba mama yako mzazi akuombee, kwa maana waliokufa katika Kristo wako hai kwake. Mbona mnaungama kwa mtu? Kwa sababu Kristo mfufuka aliwapa watu, yaani Mitume wake, mamlaka ya kuondolea dhambi. Soma Yohane 20, aya ya 22 na 23. Mbona mnabatiza watoto? Kwa sababu neema hutangulia, kama vile mtoto hupewa maziwa kabla hajajua kuyaomba. Jibu fupi linatosha. Ukizidiwa, sema, "Hilo sijui vizuri, ngoja nikamwulize katekista," kisha uende kweli ukamwulize na kurudisha jibu. Mtu hukumbuka kwamba ulirudi.

Kuna mambo mawili ya siku hizi ambayo hatuyaoni kuwa ya msaada. Moja ni zile jumbe za kwenye simu: tuma sala hii kwa watu kumi kabla ya saa sita usiku, upate baraka, ukiacha utaona. Huo ni ushirikina uliovaa rozari. Lingine ni malumbano ya hadharani, ambapo mtu anashika Biblia mkono mmoja na kitabu cha dini ya wenzake mkono wa pili, akitafuta kuwaaibisha. Hatusemi kuhubiri hadharani ni vibaya. Paulo alisimama Areopago. Lakini soma alivyoanza pale: aliwatambua Waathene kuwa ni watu wa dini sana, akaanzia kwenye madhabahu yao wenyewe. Nyumba zetu nyingi zina Waislamu na Wakristo mezani pamoja. Jirani Mwislamu ndiye aliyechimba kaburi la baba yetu, nasi tukapika kwenye msiba wa kwao. Uhusiano huo ni mali. Anayeuvunja ili ashinde hoja kwa robo saa amewafungia mlango wote watakaokuja nyuma yake. Tumwambie jirani tunachoamini anapouliza, tumsikilize anachoamini, na tuendelee kupeleana futari na pilau la Krismasi.

Ubatizo wa dharura

Liko jambo moja la Andrea Kaggwa ambalo lingetusaidia sana vigangoni na wodini, na ambalo waamini wengi hawalijui. Kaggwa aliwabatiza waliokuwa wakifa, na alifanya sawasawa. Sheria za Kanisa, kanuni ya 861, zinasema kwamba kunapokuwa na dharura, mtu yeyote mwenye nia iliyo sahihi anaweza kubatiza. Kama mgonjwa mtu mzima aliye katika hatari ya kufa ameonyesha kwa namna yoyote kwamba anataka Ubatizo, anajua kwa kiasi fulani kweli kuu za imani, anaahidi kuzishika amri, na padre hawezi kufika, unachukua maji ya kawaida, unayamimina kichwani pake huku ukisema: jina lake, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Unakusudia kufanya kile ambacho Kanisa hufanya. Kisha unakwenda kutoa taarifa parokiani ili aandikwe. Akipona, hatabatizwa tena. Atakamilishiwa sehemu zilizobaki na kuendelea na mafundisho. Makatekista wetu wanalifundisha hili, lakini linastahili kurudiwa kwenye jumuiya zetu, hasa kwa wauguzi, wakunga na wanaouguza wagonjwa nyumbani.

Yosefu Mukasa aliuawa tarehe 15 Novemba 1885, miezi minne tu baada ya mapadre kurudi. Siku hiyohiyo kijana aliyekuwa akifanya kazi chini yake, Karoli Lwanga, alikwenda kwa mapadre akabatizwa, kisha akarudi ikulu kuwaangalia vijana walioachwa na Mukasa. Mwezi Mei mwaka uliofuata, ilipojulikana kwamba kesho yake wataitwa mbele ya Mwanga, mapadre hawakuwa karibu. Vijana kadhaa walikuwa bado wakatekumeni, akiwemo mdogo wao, Kizito. Usiku ule Lwanga alichukua maji, akawabatiza kwa mkono wake. Yeye mwenyewe alikuwa na miezi sita.